Uzuiaji wa kelele ndani ya kabini ya gari

Uzuiaji wa kelele ndani ya kabini ya gari ni kazi ya kuziba, kubandika na kutandika vitu vinavyopunguza sauti na mitetemo inayomfikia dereva na abiria wa mbele kutoka kwenye injini, matairi, upepo na bodi ya gari. Magari mengi madogo hutoka kiwandani yakiwa na kinga ya namna hiyo. Malori, pikapu za kazi na magari ya zamani huwa na kinga kidogo, na hata iliyokuwepo huisha kwa matumizi: mipira ya milango hukauka, mazulia huoza, na fundi aliyepitisha waya mpya huliacha wazi tundu alilotoboa. Kinga hiyo inaweza kurudishwa au kuongezwa na mwenye gari mwenyewe kwa vifaa vya kawaida vya gereji.

Makala hii inatumia mifano ya wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, nchini Tanzania. Mji wa Korogwe uko kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kupitia Segera kwenda Moshi na Arusha. Mji wa Handeni umeunganishwa kwa lami na Korogwe (kilomita 65) na Mkata (kilomita 54). Nje ya barabara hizo kuna njia nyingi za udongo zinazopitisha mahindi, machungwa, mbao na mkonge. Gari moja linaweza kukutana na kelele za aina mbili kwa siku moja: mvumo wa matairi na upepo kwenye lami, kisha mawe yanayogonga madigadi na bodi inayotikisika kwenye udongo.

Sababu za kupunguza kelele

Watu wengi huifikiria kazi hii kama starehe, au kama jambo la wapenda muziki wa gari. Kwa dereva anayekaa kwenye usukani siku nzima ni suala la masikio yake.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakijumlishwi kama kilo au mita: ongezeko la desibeli 3 ni sawa na nishati ya sauti kuwa maradufu, na ongezeko la desibeli 10 ni nishati mara kumi. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mfanyakazi asipate zaidi ya wastani wa desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unaofaa hupungua kwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 za wiki.

Hesabu hiyo husomeka pia kwa kurudi nyuma. Dereva aliyefanikiwa kuondoa desibeli 3 tu ndani ya kabini huenda asione tofauti kubwa kwa kusikiliza, na pengine ataona fedha yake imepotea bure. Lakini masikio yake yamepata muda maradufu kabla ya kufikia kiwango kilekile cha madhara. Akiondoa desibeli 6, muda huo umekuwa mara nne.

Uharibifu wenyewe hutokea ndani ya sikio, katika chembe ndogo zenye vinyweleo ambazo hubadilisha mtetemo kuwa ishara za neva. Kwa binadamu chembe hizo zikifa hazioti tena. Zinazoanza kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba, hasa kati ya hezi 3,000 na 6,000. Kwa hiyo mtu huanza kukosa herufi kama s, f na th, na sauti za watoto, huku ngurumo ya injini akiisikia vizuri kabisa. Husikia kwamba watu wanazungumza bila kujua wanasema nini, na kwa miaka mingi huamini kwamba ni wao wanaonong'ona.

Kuna kipimo cha haraka kisichohitaji chombo. Ikiwa mtu aliye umbali wa mkono mmoja hasikii mpaka asemeshwe kwa sauti ya juu, basi kelele ya mahali hapo imefikia karibu desibeli 85 au zaidi. Umbali huo ni karibu sawa na ule wa kutoka kwa dereva hadi kwa utingo wake.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake, na usimamizi wake uko chini ya wakala wa OSHA. Kabini ya lori ni mahali pa kazi kama karakana ilivyo. Mwenye gari anayeliendesha mwenyewe hana mwajiri wa kumpimia, na ndiye hasa anayefaidika kwa kuijua kazi hii.

Kelele inatoka wapi

Sauti huingia ndani ya kabini kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa: popote hewa inapopenya, sauti nayo hupenya. Ya pili ni chuma chenyewe: injini, giaboksi na matairi hutikisa fremu, fremu hutikisa sakafu na milango, na mabati hayo mapana hugeuka kuwa kama ngozi ya ngoma inayopigia ndani.

Katika malori ambayo kabini iko juu ya injini, kama Mitsubishi Fuso na Isuzu nyingi zinazoonekana Handeni na Korogwe, njia zote mbili ni fupi sana. Injini iko chini ya viti, na kati yake na dereva kuna bati moja na kile kilichotandikwa juu yake. Katika pikapu injini iko mbele, nyuma ya ukuta wa chuma uliotobolewa matundu ya nyaya, mabomba ya hita, usukani na pedali.

Ngurumo ya injini ina tabia inayofaa kueleweka kabla ya kununua chochote. Injini ya dizeli ya mipigo minne yenye silinda 6, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hulipuka mara 100 kila sekunde. Sauti hiyo ni ya hezi 100. Kwa kuwa sauti husafiri hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde, urefu wa wimbi lake ni mita 3.4. Kitu laini chenye vinyweleo hunyonya sauti vizuri kikiwa na unene unaokaribia robo ya wimbi, yaani sentimita 85 katika mfano huu. Hakuna kabini yenye nafasi ya godoro la sentimita 85. Sponji ya sentimita 1 hufanya kazi yake vizuri kwenye sauti za maelfu ya hezi tu: mfyonzo wa upepo, mlio wa turbo, mchakato wa changarawe. Ndiyo sababu mtu aliyebandika sponji kabini nzima bila kitu kingine hulalamika kwamba injini bado inanguruma vilevile.

Kabla ya kuziba chochote, gari lenyewe litengenezwe. Bomba la moshi lililopasuka, raba za kushikilia injini zilizokufa, raba za kushikilia kabini zilizobonyea, bawaba za mlango zilizolegea na ngao ya bomba iliyofunguka nati moja hutoa kelele ambayo kibandiko hakiwezi kuimaliza. Bomba lililopasuka karibu na kabini ni hatari zaidi ya kelele, kwa kuwa moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua.

Jinsi kinga inavyofanya kazi

Kuna kazi nne tofauti ambazo mara nyingi huchanganywa chini ya jina moja la "kuweka sponji".

Kuziba ni kuondoa mianya ya hewa. Kazi hii ina faida kubwa kuliko gharama yake, na ndiyo inayorukwa na wengi. Tuseme ukuta wa mbele wa kabini una eneo la mita 1 ya mraba na unapitisha sehemu moja tu ya elfu ya nishati ya sauti, yaani unazuia desibeli 30. Matundu yenye jumla ya sentimita 10 za mraba, karibu ukubwa wa kiberiti kidogo, yatapitisha nishati sawa na ukuta wote uliobaki. Kinga itashuka hadi desibeli 27. Matundu yakifikia sentimita 100 za mraba, kama pale buti la gia lilipochanika na kuachwa, kinga itashuka hadi karibu desibeli 20, hata kama ukuta uliobaki utaongezwa unene mara mbili.

Kutuliza mtetemo ni kubandika kwenye bati kitu kizito chenye mnato ambacho hugeuza mtetemo kuwa joto kidogo. Sahani ya bati ikigongwa hulia kwa muda. Ikibandikwa donge la unga uliokandwa, mlio hufa mara moja. Mjerumani Hermann Oberst alichapisha mwaka 1952 maelezo ya hesabu ya jambo hili kwa mabati membamba, na mwaka 1959 Mmarekani Edward Kerwin alieleza kwa nini tabaka hilo hufanya kazi vizuri zaidi likifunikwa juu kwa karatasi ngumu ya chuma: bati likijikunja, mnato hunaswa katikati na kunyongwa. Vibandiko vya leo vyenye alumini juu na mpira wa butili chini vinafuata kanuni hiyo. Mpira wa butili wenyewe ulibuniwa Marekani mwaka 1937 na William Sparks na Robert Thomas, na kwa kuwa haupitishi hewa kwa urahisi ndio uliotumika sana kwa mipira ya ndani ya matairi.

Kuzuia ni kuweka tabaka zito lisilopitisha hewa kati ya chanzo na sikio. Hapa uzito ndio unaofanya kazi: kila uzito wa kizuizi ukiongezwa maradufu, kinga huongezeka kwa takriban desibeli 6. Mkeka mzito wa mpira sakafuni ni kizuizi. Hufanya kazi vizuri zaidi ukikaa juu ya kitu laini badala ya kugusa bati moja kwa moja.

Kunyonya ni kuondoa sauti ambayo tayari imeingia na inarudishwarudishwa na vioo na dashibodi. Sponji, manyoya na nyuzi hufanya kazi hii. Ni ya mwisho kwa umuhimu, ingawa ndiyo ya kwanza kwa umaarufu.

Kuisoma njia ya vumbi

Vumbi la barabara za udongo za Handeni lina faida moja kwa mwenye kuzuia kelele: huonyesha ramani. Hewa inayoingiza vumbi ndiyo inayoingiza sauti. Baada ya safari ya vumbi, kabla ya kuosha gari, viti na mazulia yainuliwe na kabini ichunguzwe. Kwenye kila mwanya vumbi huacha mchirizi au feni ndogo nyekundu iliyoanzia tunduni. Sehemu za kuangalia kwanza ni pembe za chini za milango, tundu la nguzo ya usukani, mpira wa gia, matundu ya nyaya za ukuta wa mbele, viungo vya sakafu na ukuta wa nyuma, na matundu ya bolti za viti ambazo zimeng'olewa.

Mahali ambapo vumbi halisemi kitu, kuna njia nyingine. Usiku mtu mmoja akae ndani gizani na mwingine apitishe tochi nje na chini ya kabini; mwanga unaoonekana ndani ni mwanya. Mpira wa mlango hupimwa kwa kipande cha karatasi: mlango ufungwe juu ya karatasi, kisha karatasi ivutwe. Ikitoka bila kukwama, mpira haugusi mahali hapo. Mpira ukipakwa vumbi la chaki na mlango kufungwa kisha kufunguliwa, chaki itahamia kwenye fremu kila mahali panapogusana, na palipobaki pasafi ndipo penye kasoro. Mara nyingine dawa si mpira mpya bali ni kulegeza komeo la mlango na kulisogeza ndani kwa milimita chache.

Vifaa

Kibandiko cha butili chenye alumini ndicho kinachofaa zaidi kwa kutuliza mabati. Cha unene wa milimita 2 huwa na uzito wa takriban kilo 3 kwa mita ya mraba. Huuzwa na wauzaji wa vifaa vya magari katika miji mikubwa, na bei yake ndiyo inayowafanya wengi watafute mbadala.

Mbadala unaojulikana ni mkanda wa lami wenye alumini, unaouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwa kuziba mabati ya nyumba yanayovuja. Sura yake inafanana na ya butili, lakini mkanda wa lami hulainika kwa joto. Kabini iliyoachwa juani Korogwe mchana hupata joto kali, na lami iliyobandikwa kwenye dari huachia, huteremka na kunuka. Harufu hiyo dereva ataivuta kila siku. Lami inaweza kuvumilika sehemu za sakafu zisizo karibu na injini wala bomba la moshi. Darini na milangoni isitumike.

Mpira mzito wa sakafu wa milimita 3 una uzito wa karibu kilo 4 kwa mita ya mraba. Mikanda ya usafirishaji iliyochakaa kutoka viwandani, ikikatwa vizuri, hufaa pia, mradi haikutumika kubebea kemikali.

Sponji ya godoro ni rahisi kupatikana kila soko, lakini ina kasoro mbili kubwa. Hunyonya maji kama inavyonyonya sauti, hivyo ikiwekwa sakafuni au ndani ya mlango hulilowesha bati na kuleta kutu. Pia hushika moto haraka, na moshi wa poliuretani una sumu, ikiwemo sianidi ya hidrojeni. Sponji yenye vitundu vilivyofungwa, ile isiyonywa maji ikikamuliwa, ni bora kwa kutandika chini ya mpira.

Mkoa wa Tanga una nyuzi zake. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yake yangali yamezunguka Korogwe. Nyuzi za mkonge zilizoshindiliwa kuwa mkeka hunyonya sauti, na viwanda vya magari, Mercedes-Benz kikiwemo, vimetumia mkonge katika vipande vya ndani ya gari. Lakini mkonge wa kiwandani huchanganywa na dawa na kushindiliwa kwa mashine. Mkonge mbichi wa shambani ukiwekwa chini ya zulia hunyonya unyevu, hukaribisha panya na huwaka. Unaweza kufaa nyuma ya kitambaa cha ukuta wa nyuma wa kabini, mahali pakavu na mbali na nyaya. Sufi ya mto wa kulalia huwaka haraka kuliko vyote na isiwekwe kabisa ndani ya gari. Trei za mayai, ambazo watu huzibandika ukutani wakiiga studio za muziki, hazizuii sauti: ni karatasi nyepesi, haina uzito wa kuzuia wala unene wa kunyonya.

Pamoja na hayo huhitajika bisibisi, spana, kisu chenye makali, msasa, rangi ya kuzuia kutu, spiriti ya kusafishia, raba za matundu ya nyaya, silikoni au gundi ya kuzibia, glavu, na rola ndogo ya kukandamizia. Kifimbo cha kusukumia chapati hufanya kazi ya rola bila taabu, ingawa hakitarudi jikoni tena.

Utaratibu wa kazi

Kelele ipimwe kabla ya kuanza, la sivyo baadaye itabaki hoja ya maneno. Programu za simu zinazopima desibeli si sahihi vya kutosha kwa mambo ya sheria, lakini simu ileile, ikiwekwa mahali palepale, kwenye barabara ileile, gia ileile na mwendo uleule, huonyesha tofauti. Kipande cha lami kilichonyooka kinatosha, kwa kilomita 60 kwa saa, madirisha yakiwa yamefungwa.

Betri ichomolewe, ncha hasi kwanza. Gari lenye mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali liachwe dakika kadhaa kabla ya kugusa viti na usukani, na nyaya za mifuko hiyo, ambazo mara nyingi huwa na viunganishi vya njano, zisikatwe wala kufunikwa. Kabini ya lori inayoinuliwa isifanyiwe kazi chini yake mpaka nondo ya kuishikilia ifungwe kwa pini yake. Kabini huanguka, na mikono ya jirani haitoshi kuizuia.

Viti, mazulia na vifuniko vya milango hutolewa, na skrubu za kila sehemu huwekwa kwenye kikopo chake. Picha za simu za kila hatua husaidia wakati wa kurudisha. Kutu isuguliwe mpaka chuma kionekane, ipakwe rangi na kuachwa ikauke kabisa. Kubandika juu ya kutu ni kuificha ili iendelee kula. Kisha bati lisafishwe kwa spiriti. Petroli isitumike: huacha mafuta yanayozuia gundi kushika, na mvuke wake ndani ya kabini iliyofungwa unangoja cheche tu.

Baada ya usafi ndipo matundu yote yaliyoonekana katika uchunguzi huzibwa: nyaya kwa raba zake, viungo kwa silikoni, matundu makubwa kwa kipande cha bati kilichofungwa kwa ribiti na kuzungushiwa gundi. Buti la gia na mipira ya milango iliyokauka hubadilishwa. Fundi mwenye fedha ya kazi moja tu aishie hapa, aendeshe gari, apime tena. Mara nyingi atakuwa amepata nusu ya kile alichokitafuta, na vumbi pia limepungua.

Kutuliza mabati hufuata. Kila bati hugongwa kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe panahitaji kibandiko. Panapotoa sauti fupi butu, penye mikunjo na viungo, hapahitaji. Si lazima kufunika bati lote. Robo hadi theluthi ya eneo, ikibandikwa katikati ambako bati hucheza zaidi, hutoa sehemu kubwa ya faida. Kabini yenye mita 6 za mraba za mabati mapana inahitaji basi karibu mita 2 za kibandiko, uzito wa kilo 6. Kufunika kila kona ni kupoteza fedha na kuongeza uzito.

Kazi ya kubandika ifanyike kivulini, asubuhi au jioni. Karatasi ya nyuma huvuliwa kidogo kidogo, kibandiko huanzia upande mmoja, na rola hukandamizwa mpaka mistari ya alumini ibonyee. Povu la hewa lililobaki chini halitulizi kitu, na hukusanya maji. Kingo za alumini hukata kama wembe, hivyo glavu zisivuliwe.

Darini, kibandiko hupunguza kishindo cha mvua za masika kuliko mahali pengine popote. Sakafuni, sponji isiyonywa maji hutandikwa kwanza, kisha mpira mzito juu yake bila kuacha pengo kubwa, kisha zulia. Juu ya injini ya lori mambo hubadilika: hapo joto ni kubwa, na upande wa chini unaotazamana na injini uwekewe pamba ya kioo au blanketi la joto lenye alumini lililotengenezwa kwa ajili hiyo, likishikwa kwa bolti na washa pana na si kwa gundi peke yake. Pamba ya kioo huwasha ngozi na mapafu. Mwenye kuikata avae barakoa, miwani na mikono mirefu.

Milango ina kanuni yake. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kupitia mwanya wa kioo na kutoka kwa vitundu vya chini. Vitundu hivyo visizibwe hata kimoja. Kibandiko huwekwa kwenye bati la nje kwa ndani, karibu na katikati, na kioo kipandishwe na kushushwa kabla ya kuendelea ili kuhakikisha hakigusi. Nailoni inayofunika matundu ya ndani ya mlango, ambayo mafundi wengi huitupa wanapotengeneza kioo, irudishwe au itengenezwe nyingine. Yenyewe ni kizuizi cha hewa na maji.

Moto na maji

Chochote kinachoingia ndani ya kabini kijaribiwe kwanza. Kipande kidogo hukatwa, hushikwa kwa koleo nje ya nyumba na kuwashwa. Kinachozimika chenyewe moto ukiondolewa kinafaa. Kinachoendelea kuwaka na kudondosha matone yenye moto hakifai. Kiwango cha Marekani namba 302 cha vitu vya ndani ya gari kinataka moto usitambae zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Jaribio la koleo si sawa na la maabara, lakini linatosha kuitenga sponji ya godoro.

Nyaya ziachwe zionekane au zipite juu ya kibandiko. Waya uliokwaruzwa na kufunikwa kwa sponji huunguza gari polepole kabla mtu hajaona moshi. Fyuzi na viunganishi visifunikwe. Nakala ndogo ya kizimamoto inayokaa nyuma ya kiti ihamishiwe mahali inapofikiwa haraka, kama kazi imebadilisha nafasi yake ya awali.

Adui mwingine ni maji. Gari likivuja kioo cha mbele, zulia nene jipya litayahifadhi maji hayo wiki nzima. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, zulia liinuliwe pembeni na sakafu iguswe kwa mkono.

Mipaka

Kabini isifanywe kimya kupita kiasi. Dereva anatakiwa asikie honi, ving'ora, na treni kwenye makutano ya reli ya Tanga hadi Moshi, inayopita Korogwe. Vibandiko haviondoi sauti hizo kiasi cha kuzificha, na kwa kawaida kelele ya ndani ikipungua honi ya nje husikika vizuri zaidi; kinachozificha ni redio iliyofunguliwa juu. Dereva mzoefu aliyezoea kuitambua beringi inayokufa kwa mlio wake atahitaji wiki chache kuzoea sauti mpya za gari lake, na katika muda huo geji za joto na mafuta ziangaliwe mara nyingi zaidi.

Gari linaloendeshwa madirisha wazi halifaidiki sana na kazi hii, kwa kuwa dirisha ndilo tundu kubwa kuliko yote. Tanzania dereva hukaa kulia, na sikio la kulia ndilo linalopokea upepo na malori yanayopishana naye. Mahali ambapo kiyoyozi hakifanyi kazi, feni ya kabini iliyotengenezwa vizuri na kivuli cha dari kilichotulizwa husaidia kufunga kioo cha dereva walau kwenye lami. Matrekta yasiyo na kabini, kama yanayotumika kwenye mashamba ya mkonge, hayana pa kubandika kitu. Huko kinga ni ya kuvaa masikioni.

Usikivu uliokwisha kupotea haurudi kwa kupunguza kelele. Dereva anayesikia mlio masikioni baada ya safari, au anayeona sauti zimefifia kwa saa kadhaa baada ya kushuka, anapaswa kupimwa masikio hospitalini, hata kama kabini yake sasa ni tulivu. Mipira ya milango na buti la gia, ambazo ndizo zinazochakaa kwanza, hukaguliwa tena kwa karatasi na chaki kila mwaka baada ya kiangazi, kabla ya mvua za vuli.